Fiti, Kama Ilivyosemwa Bweni

Kwenda Mafia nilipita njia ndefu. Nilikuwa Chunya, kwenye machimbo, nikitengeneza pampu za kuvuta maji mashimoni. Dhahabu waliipata wengine. Siku moja jamaa niliyewahi kufanya naye kazi Mtwara alinipigia simu akaniambia kuna dago kubwa la wavuvi, kambi yao ya ufukweni, huko Bweni, kaskazini ya kisiwa, wana mashine za boti zinazokufa ovyo na fundi wao ameondoka bila kuaga. Sikumuuliza mshahara wala mahali pa kulala. Kwa umri wangu wa wakati ule, miaka thelathini na kitu, kilichonipeleka mahali kilikuwa ni kwamba sijawahi kufika. Nilifunga spana zangu kwenye boksi, nikapanda gari la kwenda Mbeya.

Basi la Mbeya kwenda Dar lilitembea tangu alfajiri. Kila liliposimama, konda alipita katikati ya viti akiuliza, "Wazee, fiti?" na sisi tukajibu fiti, hata mama mmoja aliyekuwa amempakata mtoto mwenye homa. Kutoka Dar nilikwenda Kibiti, na kutoka Kibiti nikashuka Nyamisati, mahali ambapo mtu hana kazi nyingine ila kukaa juu ya mzigo wake mpaka maji yajae na boti iweze kutoka kwenye mikoko. Nimezaliwa Singida, ambako maji makubwa tuliyoyajua ni ziwa la chumvi ambalo mtu mwenye nia anaweza kulizunguka kwa miguu. Boti ilipotoka kwenye mlango wa mto na kuanza kuruka, nilitapika kila kitu. Baharia alikuwa akipita na ndoo. "Bro, fiti?" Nilimwonyesha dole gumba, uso ukiwa ndani ya ndoo. Akapita kwa mwingine.

Kilindoni nililala, na kesho yake nikapata pikapu ya kwenda Bweni. Baada ya Kirongwe barabara ikawa ni mashimo yaliyounganishwa, minazi kulia, minazi kushoto, na dereva akivukia mahali ambapo wenzake wa jana walivukia. Tulifika Bweni baada ya adhuhuri. Dago lilikuwa ng'ambo ya kijiji, upande wa Ras Mkumbi: vibanda vya makuti kwenye mchanga, vichanja vya kuanikia, harufu ya petroli na samaki, na wanaume tupu, wengi wao kutoka Pemba, Unguja na Kilwa. Wakaao Bweni wana nyumba na wake. Watu wa dago wana mikeka.

Nahodha mkuu alikuwa mtu mfupi wa Kilwa, mwenye ndevu nyeupe na sauti ya muadhini. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku anatazama boksi langu, si uso.

"Weye ndiye fundi?"

"Ndiye mimi."

"Mashine ile pale inanguruma lakini boti haiendi. Kafiti propela mtu wa jana, sijui kaifiti vipi. Kaitazame kwanza, chakula baadaye."

Nilikwenda kuitazama. Pini ya propela ilikuwa imekatika, na yule mtu wa jana aliweka msumari badala yake. Kabla ya alasiri boti ilikuwa inakwenda, na nahodha akasema mbele ya watu wote, "Huyu Mnyamwezi yuko fiti." Mimi si Mnyamwezi. Lakini pale kila mtu aliyetoka ndani ya bara alikuwa Mnyamwezi, na jina lililonipata siku ile sikulivua mpaka naondoka.

Nimelifikiria neno hili miaka mingi kuliko linavyostahili neno dogo namna ile. Mara ya kwanza kulisikia kama neno la Kiingereza, si kama neno letu, ilikuwa sekondari. Mwalimu wetu wa Kiingereza alivua kiatu chake, akampa mvulana mrefu kuliko wote darasani akivae. Hakikuingia. Akampa mfupi, kikamtoka mguuni. Akakivaa mwenyewe, akatembea mbele ya ubao, akasema sasa mmeona maana yake: kitu kukaa mahali pake bila kubana wala kupwaya. Nikiwa kidato cha nne nilipekua kamusi ya shule nikakuta neno lile lile lina maana nyingine pia, ya mtu kuanguka na kutapatapa kwa kifafa. Nilidhani wachapaji wamekosea.

Baadaye nililikuta kila nilipokwenda. Kwa fundi cherehani suruali inafiti. Gereji unafiti beringi. Chunya shimo likiwa limefungwa mbao vizuri wanasema liko fiti, shuka. Bei ikiwa ya kukubalika ni fiti. Mtu aliyepona malaria yuko fiti, na aliye na malaria naye, ukimsalimia njiani, yuko fiti pia, kwa sababu hakuna anayesimama njiani kueleza malaria. Linajibu salamu, na mara nyingi linaimaliza, maana likishatoka kila mmoja anaendelea na safari yake. Sikuwahi kuona ubaya wake. Nilikuwa nalitumia kama wengine.

Pale dagoni lilikuwa na kazi moja zaidi ambayo sikuikuta mahali pengine.

Boti ilipokuwa tayari kusukumwa majini, watu walishika ubavu wake huku na huku, na nahodha akasimama nyuma kabisa, mkono juu ya mashine. Halafu akaita. "Mashine?" Hapo nilijibu mimi, ingawa sikuwa nakwenda baharini: "Fiti!" "Kompresa?" Mwenye kompresa, ile ya kuwasukumia wazamiaji hewa kwa mipira mirefu, akajibu. "Mipira?" "Fiti!" "Wazamiaji?" Na wazamiaji wote wakajibu kwa pamoja, kwa sauti moja ya kukata, ya juu, kama askari. Kisha Fatiha, kisha boti ikasukumwa.

Aliyenieleza sheria yake ni mwenzangu niliyekuwa nakaa naye kibanda kimoja, mzamiaji wa Kojani. Kojani ni kisiwa kidogo cha Pemba ambacho wanaume wake, kama nilivyomwelewa, huzaliwa, hujifunza kutembea, halafu huenda dago. Pale wote walimwita Mkojani. Alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na mitano, mwembamba, mwenye kucheka kabla hajamaliza kusema jambo la kuchekesha.

"Zamani wazee walikuwa wakijibu salama," aliniambia. "Zilipokuja mashine, jibu likawa hili. Lakini sheria ni ile ile, yakhe. Ukishaitika, umeitika. Mpaka boti irudi, itie nanga, nahodha aulize 'Wote?' na watu waseme 'Wote'. Kabla ya hapo hakuna mtu wa boti ile kusema kichwa kinamuuma, wala meno, wala roho."

"Na ukisema?"

"Umetoboa chombo. Likimkuta mtu jambo kule, umemtia weye."

"Hata kama umebaki nchi kavu?"

"Kama jina lako ni la boti ile, hata ukiwa chooni." Akacheka. "Kwa hiyo weye Mnyamwezi ukiharisha, jizuie mpaka alasiri."

Nilicheka naye. Nilikuwa nimekaa kwenye machimbo. Kule nako kuna maneno ambayo hayasemwi mwenzako akiwa chini. Sikuona ajabu.

Mkojani alikuwa na miguu ambayo Bweni nzima iliijua. Alasiri, bahari ikiwa imerudi nyuma na mchanga umekuwa mgumu, dago na kijiji walicheza mpira, na yeye alikuwa winga wa kushoto wa dago. Hakuwa na mbinu nyingi. Alikuwa anasukuma mpira mbele halafu anaufuata, na hakuna aliyewahi kufika kabla yake. Wazee wa kijiji waliokuja kukaa kwenye magogo walikuwa wanakuja kuangalia hilo tu. "Leo huyo Mkojani mmemfunga kamba?" waliwatania mabeki wao. Naye alikuwa na kiburi cha miguu ile kama mtu mwingine anavyokuwa na kiburi cha ng'ombe. Jioni aliipaka mafuta ya nazi, akainyoosha mbele yake mkekani, akaitazama.

"Mali hiyo," alisema.

"Mali gani, vijiti vya kuchokolea moto."

"Sema, sema. Weye kuogelea huwezi, kukimbia huwezi. Mungu alikupa spana tu."

Kazi yao ilikuwa kamba kochi. Tajiri wa boti, mtu wa Kilindoni wa familia ya wale ambao babu zao walitoka Omani wakaacha mashamba ya minazi na maduka, alikuwa na soko lake mjini, na kamba wakubwa walikuwa wamebaki chini zaidi, kule miamba inapokatika baada ya Ras Mkumbi. Mzamiaji alishuka na mpira mrefu mdomoni, ule wa njano, na juu kompresa kama zile za kujazia upepo matairi ikimsukumia hewa. Alikaa chini mpaka mfuko ujae. Kupanda, walipanda kama kila mtu alivyozoea, na walichozoea wengi wao ni kupanda haraka, kwa sababu chini kuna baridi na juu kuna chai. Waliwahi kuniambia kuna wenzao walioguswa. Walisema hivyo, kuguswa, na walisema ni upepo, au mwenye mahali pake kule chini. Mahali pengine, si pale.

Siku ya kuguswa Mkojani sikuwepo baharini. Haya niliambiwa na wenzake. Mkojani alipanda mara ya kwanza akijikuna mabega. Ngozi ilikuwa imefanya mabaka kama ya marumaru. Nahodha, kutoka nyuma ya boti, akamuuliza kwa jicho na kwa neno lile moja. Akaitika. Akashuka tena. Alipopanda mara ya mwisho alikaa kimya juu ya mfuko wake wa kamba, na wao wakadhani amechoka, kwa sababu alikuwa amechoka.

Boti ilitia nanga, nahodha akauliza "Wote?" na yeye akasema "Wote" pamoja na wengine. Hapo angeweza kusema. Wenzake walilirudia sana jambo hilo baadaye, kwamba hapo alikuwa huru. Lakini nilimwona akija kutoka majini kwa miguu yake mwenyewe, amebeba mfuko, na nikamtania kwamba anatembea kama bibi harusi. Hakuwa na la kusema wakati ule. Alihisi uzito tu, basi. Akala wali. Akaenda kwenye mpira.

Nilikuwa nimekaa kwenye gogo na wazee. Walimpigia mpira upande wake, akausukuma mbele kama kawaida, akaanza kuufuata, na akaanguka kifudifudi. Watu wakacheka sana. Naye akacheka.

"Mkojani, mchanga umekukamata?"

"Fukieni shimo hilo hapo, kuna mtu kamtegea!"

"Mguu umelala," alisema, akiupiga ngumi. Nahodha wa timu akamwonyesha dole gumba kutoka mbali, kumuuliza. Akamrudishia dole gumba. Akasimama, akapiga hatua, akaanguka tena, na safari hii watu walicheka kidogo tu, kisha wakaacha.

Tulimshika mimi na mwingine tukampeleka kibandani. Alikula tende, akasema ni baridi ya maji, kesho ataamka nayo imeisha. Kwa wakati ule hata mimi niliamini hivyo.

Asubuhi miguu haikuwepo. Sijui namna nyingine ya kusema. Alikuwa ameiweka mbele yake pale pale alipokuwa akiipaka mafuta, na alikuwa akiitazama kama vitu vya mtu mwingine vilivyosahauliwa kibandani mwetu. Nikamwambia nakwenda kutafuta mkokoteni tumpeleke zahanati. Wakati huo huo, nje, boti ilikuwa inasukumwa. Walikuwa wamempumzisha, mwingine alichukua mpira wake wa hewa. Nilisikia nahodha anaita. Mashine nilijibia mlangoni. Kompresa. Mipira. Halafu "Wazamiaji?" na wale wa pwani wakaitika, na nyuma yangu, kutoka mkekani, Mkojani naye akaitika, kwa sauti ile ile ya kukata.

"Wewe huendi," nilimwambia.

"Boti ni yangu," akasema.

Mganga wa zahanati alikuwa kijana wa bara kama mimi, peke yake, na wamama na watoto wamejaa baraza yote. Sina la kumlaumu, nasema yaliyotokea. Alitoka akamkuta Mkojani kwenye mkokoteni, akamshika bega.

"Vipi kaka, uko fiti?"

"Fiti, dokta."

"Shida nini sasa?"

"Miguu imechoka kidogo. Tulicheza mpira jana."

Niliingilia. Nikamwambia hawezi kusimama, na kwamba jana alizama. Mganga akamtazama yeye, si mimi.

"Ulipozama ulipata shida yoyote?"

"Hamna."

"Kifua? Mkojo unatoka?"

"Viko fiti vyote."

Nilijua vizuri kwa nini anasema hivyo. Nilimwinamia nikamwambia kwa sauti ya chini aseme, huyu ni daktari, hapa si baharini. Akanitazama kama nimemwambia achukue jiwe akatupie boti ya wenzake. "Wako chini saa hizi," alisema. "Wako chini, Mnyamwezi. Ninyamazie." Ya mkojo sikuyajua, kwamba tangu jana jioni hakuwa amekojoa hata tone, aliyaficha hata kwangu.

Mganga akampa vidonge vya maumivu na dawa ya kuchua. Akasema misuli imechoka, mpira wa mchangani unachosha, apumzike, akiona haiishi arudi. Nilibishana. Akaniambia, si kwa ubaya, "Mzee, mgonjwa mwenyewe anazungumza." Kulikuwa na mtoto mwenye degedege mlangoni. Akamwendea.

Tulirudi dagoni nikisukuma mkokoteni kwenye mchanga. Mchana kutwa Mkojani alilala akitazama baharini kupitia mlango. Sikuwahi kuona mtu akiisubiri boti namna ile, na haikuwa boti ya kumleta mtu wala kitu. Ilionekana alasiri. Ikatia nanga. Nahodha akauliza "Wote?" Wakajibu wote. Mkojani naye alisema "Wote," polepole, halafu bila kugeuza kichwa akaniambia:

"Sina miguu. Sina toka jana. Tumbo linataka kupasuka na mkojo hautoki. Nitafutie gari."

Gari halikuwepo. Pikapu ilikuwa imeshakwenda Kilindoni na kurudi kwake ni kesho. Nahodha alimpigia tajiri. Nilisimama karibu, nikasikia sauti ya simu.

"Kijana vipi, yuko fiti?"

Nahodha alinitazama kabla hajajibu. "Hayuko fiti, Sheikh. Tuletee gari."

Tajiri alituma gari lake. Hilo nalo lazima niliseme. Lilifika jioni limejaa vumbi, tukamlaza nyuma juu ya nyavu. Katika kila shimo la barabara ile alikuwa anafumba macho, si kwa maumivu ya miguu, hakuwa nayo, bali ya tumbo.

Daktari wa Kilindoni alimtoa mkojo kwa mpira, akampa hewa ya mtungi, akauliza maswali yote yale na safari hii akajibiwa. Kisha akanitoa nje. Akasema ni hewa iliyoingia kwenye uti wa mgongo kwa kupanda haraka kutoka chini. Akasema kuna vyumba maalumu vya hewa ya mgandamizo vya kumwingiza mtu wa namna hiyo, lakini si hapa kisiwani, na kwamba vinafaa akiwahiwa.

"Tungekuja leo asubuhi?" nikauliza.

"Leo asubuhi ingekuwa afadhali." Alikuwa mtu mwangalifu. "Sisemi angepona. Nasema ingekuwa afadhali."

Alipelekwa nje ya kisiwa, akakaa, akarudishwa. Chumba chenyewe aliingizwa, kwa kuchelewa. Vidole vya mguu mmoja vilianza kuhisi baridi, na hicho ndicho kilikuwa kipimo chote cha kupona kwake. Kojani hakutaka kwenda. Niliongea naye sana juu ya hilo. Alisema Kojani nyumba zimebanana, vichochoro havimpitishi mtu na kiti chake, na wanaume wote wako dago. Atabaki na watoto na wazee wakimtazama. Mama mmoja wa Bweni, mjane aliyekuwa akitupikia mikate ya kumimina, akasema chumba cha uani kipo. Basi akakaa kwake, na mimi nikahamia kibarazani pale pale, ili nimgeuze na kumwogesha.

Walimfanyia kila kilichojulikana. Maalimu alimwandikia kombe, aya za zafarani kwenye sahani zilizooshwa kwa maji, akalinywa kila asubuhi. Walifukiza ubani, wakamwomba mwenye mahali pake kule chini, kama yupo, amwachie. Mama alimsinga kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu thaumu, kutoka nyonga mpaka unyayo, na alikuwa akizungumza na miguu ile kama anambembeleza mtoto ale. "Haya mume wangu mdogo, amka basi. Amka, Mwenyezi Mungu anakuona." Wageni walikuja. Kila aliyeingia alisema atakuwa fiti, inshallah, na Mkojani akaitika inshallah, mwanzo kwa nguvu. Wiki zilivyokwenda nilianza kuliogopa neno hilo mlangoni. Lilikuwa linaingia na mtu, linakaa kidogo, linatoka naye, na hakuna lilichobadilisha. Halafu wageni wakapungua.

Nilikwenda kwa nahodha nikamwomba jambo moja. Nilimwomba aliondoe lile jibu, au angalau aliondolee ile sheria: mtu akiumwa aseme, hata boti ikiwa baharini. Alikuwa anashona nyavu. Hakunikasirikia.

"Unadhani sikulala nikilifikiria?" alisema. "Ningekuwa nimeliondoa siku ile ile. Lakini mtu akiitika vile, hofu inamtoka. Nimewaona. Ukimshusha mtu chini na hofu yake, anapanda kama risasi, na huyo humpeleki hospitali, unampeleka makaburini. Nipe kitu cha kuweka mahali pake, nitakiweka leo."

Sikuwa nacho. Nimetafuta mpaka leo. Nilichofanya ni kuacha kujibu. Asubuhi iliyofuata alipoita "Mashine?" nilikaa kimya na mkono juu ya mashine, ambayo ilikuwa nzima. Kisha mtu mwingine, sikumwona ni nani, akanijibia, na boti ikasukumwa. Waliendelea hivyo. Hawakuninunia, walinijibia tu kila siku, kama unavyomwondolea mtu mzigo anaochelewesha nao safari.

Mzamiaji mwingine alikuja kutoka Kojani, binamu yake. Alikuja kumwona, akalia uani, akafuta uso, na kesho yake nikamsikia akiitika pamoja na wengine. Kwenye mpira waliweka winga mwingine. Nahodha alianza kumzungumzia Mkojani kwa sifa, mbio zake, pumzi yake chini ya maji, moyo wake, kwa namna watu wanavyowasifu waliokwisha kuzikwa, na Mkojani akiwa hai nyumba ya tatu kutoka msikitini.

Nimehama mahali pengi, na kila mahali niliondoka kabla sijaambiwa. Mguu ukiniwasha, nafunga boksi. Bweni haukuniwasha. Kwa mara ya kwanza katika utu uzima wangu nilikuwa najua kesho nitafanya nini: nitamgeuza, nitachemsha maji, nitakwenda kufungua kabureta, nitarudi. Nilikuwa nimeanza hata kumuuliza mama bei ya miti ya kujengea.

Siku moja baada ya kuogeshwa, Mkojani akaniambia nikae.

"Unataka kujenga hapa."

"Nafikiria."

"Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya nazi," nilisema. "Nazi za Bweni tamu."

Hakucheka. "Sikiliza yakhe. Wengine wameshakata tamaa, nao nawapenda kwa hilo. Mama kakata tamaa. Ananisinga kwa sababu mikono imezoea. Nikiwa naye napumzika. Weye kila asubuhi unafunua shuka unatazama vidole. Kila asubuhi. Unadhani nimelala, sijalala. Nakuona unavyotazama, na inanibidi nijaribu kuvitikisa kwa ajili yako."

Nilikunja taulo nililomkaushia.

"Ukikaa hapa, nitakuwa nangojewa mpaka nife," akasema. "Nimechoka kungojewa. Ondoka, Mnyamwezi. Ondoka uniache niwe hivi."

Nilimwuliza kama ni hasira. Akasema si hasira. Nikamwomba mwezi mmoja. Akageuza uso. Baadaye mama aliniita jikoni, akiwa anakuna nazi, akasema bila kuinua kichwa, "Mwanangu, kakwambia kweli. Usimfanye arudie."

Niliondoka Bweni siku ya soko. Asubuhi hiyo sikufunua shuka. Mkojani alikuwa amemwomba mama mapema amlaze upande wa ukutani, ili nisimwone uso wala yeye asinione. Nilisimama mlangoni, nikamwambia nakwenda. Akainua mkono mmoja juu ya bega lake, vidole vimefunguka, akaushusha. Nilimwachia mama redio yangu na jiko la mafuta ya taa. Pikapu ilikuwa imebeba nazi kavu. Nilipanda juu ya magunia na boksi langu la spana magotini. Tulipofika Kirongwe mvua ilianza, dereva akasimama kunipa turubai nijifunike. Kilindoni nilikuta boti inapakia watu wa Nyamisati, nikakata tiketi, nikapanda, nikakaa upande ambao haukuelekea kisiwani.